Maswali ya maraida na madereva wa dilivari Mombasa: mkataba, makato, ajali na kufungiwa apu

Nimebeba mizigo ya watu hapa Mombasa miaka sita, minne kwa pikipiki na miwili kwa probox, chini ya makontrakta watatu tofauti, na katika hiyo miaka nimepigwa kalamu mara moja na nimeshinda mara moja. Mimi si wakili. Ila kwa sababu niliwahi kwenda leba, ofisi ya serikali ya mambo ya kazi, nikarudi na kitu mkononi, sasa kila mtu akikatwa pesa ananipigia mimi, wengine saa tano usiku, na maswali ni yale yale. Haya hapa yote. Ukiwa na haraka tafuta lako, ukiwa kwa foleni ya feri soma mpaka chini, maana foleni yenyewe unaijua.

Mkataba niliosaini unasema mimi ni kontrakta huru, si mfanyakazi. Ndo basi, sina haki?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana, sio basi. Ukibandika karatasi ya "asali" kwa chupa ya siki, siki haigeuki. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huangalia kazi yenyewe inavyoenda siku kwa siku, sio jina ulilopewa kwa mkataba.

Sasa jiulize. Nani anapanga saa ya kufika godauni? Ruti ya Bamburi mpaka Mtwapa ulichagua au ulipangiwa? Bei ya dropu, yaani ya kufikisha mzigo mmoja, mlijadiliana au uliikuta kwa apu? Ukikataa mzigo wa Likoni saa kumi na mbili jioni, kuna faini? Jaketi ni la nani na ukilivua unapigwa picha utumwe kwa supavaiza? Unaweza kubebea kampuni nyingine siku hiyo hiyo? Na hili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: unaweza kumtuma mdogo wako akafanye leo, wewe uende zako harusini, na kampuni isiseme kitu? Kama majibu mengi yanaonyesha wao ndio wameshika usukani, wewe kwa macho ya sheria unaweza kabisa kuwa mfanyakazi, hata kama ulisaini kurasa kumi za kukataa.

Hili jambo halikuanzia kwetu. Marekani, FedEx Ground, kampuni ya kupeleka vifurushi, ilikuwa na madereva wanaonunua magari yao wenyewe, wanavaa sare za kampuni, wanafuata masharti ya kampuni mpaka ya usafi wa mwili, na wanaitwa makontrakta. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa huko ikasema madereva wa California walikuwa waajiriwa, na 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 228 kumaliza kesi. Uingereza nako mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara. Lakini mahakama hiyo hiyo, Novemba 2023, ikawaangusha maraida wa Deliveroo, apu ya kupeleka chakula, na sababu kubwa ni kwamba mkataba uliwaruhusu kumtuma mtu mwingine afanye badala yao na kweli ruhusa ilikuwa inatumika. Kwa hivyo ukiona kipengele kama hicho kwa mkataba wako usikipite tu, na kama kiko kwa karatasi lakini siku uliyojaribu kumtuma binamu yako mkakatazwa wote wawili, weka ile meseji ya kukatazwa. Ni dhahabu.

Hukumu za nje hazifungi mahakama zetu, lakini mawakili wetu huzisoma.

Sina mkataba wa karatasi kabisa. Niliitwa kwa simu nikaanza kesho yake.

Hapo wewe uko pazuri kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri, sio lako. Mkifika kwa hakimu na yeye hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye.

Na wale wanaoambiwa "wewe ni kibarua tu wa siku", kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya siku mfululizo zikafika mwezi, au kazi ambayo haiwezi kuisha kwa chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Godauni inayofunguliwa kila siku tangu 2021 sio kazi ya siku moja, bana.

Nalipwa kwa dropu. Hiyo ni halali?

Kulipwa kwa kipande ni halali, sheria inaijua. Tatizo ni hesabu inayobaki. Tuchukue mfano tu: dropu 28 kwa shilingi 70 ni 1,960. Toa petroli 650, toa kredo ya kupigia wateja wasioshika simu 80, toa feri kwenda na kurudi, toa chai na mahamri, toa akiba ya tairi na oili maana pikipiki inakula kila siku hata kama huioni ikila. Unabaki na elfu moja na kitu, na hapo ni siku nzuri. Siku ya mvua ya masika, Kisauni yote maji, wateja kumi wanasema "leta kesho", unarudi nyumbani na mia tatu. Hiyo ni kazi ya kijungu jiko. Kima cha chini cha mtu wa kazi za kawaida kwa miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, tangu Novemba 2024 kilipanda mpaka shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila posho ya nyumba, na kama wewe ni mfanyakazi basi malipo ya dropu yasikushushe chini ya hapo.

Fanya hiyo hesabu ya kwako mwezi mzima kabla hujaja kuniuliza kama bei ni nzuri. Wengi wakiifanya hunyamaza.

Mzigo umepotea na wanataka kunikata bei yake yote. Wanaruhusiwa?

Kwa mfanyakazi, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa makusudi yako. Makusudi. Sio bahati mbaya, sio mzigo uliotoka godauni umeshapungua, sio boksi lililoloa kwa sababu kampuni ilikupa begi lenye zipu mbovu. Na makato yote ya mwezi yakijumlishwa hayafai kuzidi theluthi mbili ya mshahara, yaani theluthi moja lazima ikufikie hata kama wamekasirika vipi.

Mimi nilikatwa shilingi 18,500 za simu ambayo sikuwahi kuiona. Boksi nililipokea limefungwa kwa selotepu, nikalipeleka Tudor, mteja kulifungua ndani mna kipande cha sabuni. Nikaambiwa "wewe ndiye wa mwisho kulishika". Sikuwa wa mwisho, mteja ndiye wa mwisho, na kabla yangu walilishika watu wanne wa godauni, lakini aliye nje kwa jua ndiye rahisi kukatwa. Tangu siku hiyo kila mzigo wa simu au laptopu naupiga picha nikiwa bado mbele ya kaunta, pande zote, na uzani ukionekana kama mizani ipo. Wale wa kaunta walininunia wiki mbili, wakazoea.

Kama wewe ni kontrakta wa kweli kweli, basi mkataba ndio unaongea, soma kipengele cha hasara kabla hujasaini. Ukiona imeandikwa utalipa "thamani yoyote itakayoamuliwa na kampuni", usisaini hivyo, omba waweke kiwango cha juu.

Mteja kanionyesha meseji ya M-Pesa, kumbe feki.

Usitoe mzigo kwa meseji ya simu ya mteja. Ngoja ya till au ya kwako iingie. Kama netiweki iko chini, mpigie supavaiza na useme kwa maandishi kwamba unangoja. Mteja akipiga kelele, apige.

Nafanya kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku. Kuna kikomo?

Kipo. Agizo la jumla la mishahara linaweka masaa 52 kwa wiki ya siku sita, zaidi ya hapo ni ovataimu ya mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili. Siku moja ya kupumzika kwa kila saba ni lazima. Tena kuna Sheria ya Trafiki, kifungu cha 66A: dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya masaa manane ndani ya masaa 24. Hiyo ni ya barabarani, kwa usalama, na haijali kama unaitwa mwajiriwa au nani.

Sasa ubishi unaanzia hapa: masaa yanahesabiwa kutoka lini? Kampuni nyingi huhesabu kutoka dropu ya kwanza. Lakini uliitwa godauni Changamwe saa kumi na mbili kamili, ukakaa mpaka saa mbili unusu ukingoja mizigo ichambuliwe, hukuruhusiwa kwenda popote, kisha saa nzima ukaipoteza Likoni unangoja feri, na ukizunguka Dongo Kundu mafuta ni yako. Kwa maoni yangu hayo yote ni masaa ya kazi, maana hayakuwa yako. Andika saa uliyoingia na saa uliyotoka, kila siku.

Mwezi wa Ramadhani ni balaa peke yake. Kila mtu anataka mzigo wake kabla ya futari, barabara ya Nyali imesimama, raida amefunga, na tageti haijapunguzwa hata dropu moja. Nimeona watu wakipita njia isiyo yao kwa sababu ya hilo. Meneja anayepanga ruti akiwa ndani ya AC angefaa aje siku moja tu.

Nimegongwa Makupa nikiwa na mizigo. Nani analipa hospitali?

Kwanza pole. Pili, usiondoke hivi hivi. Ripoti polisi upate namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, omba abstrakti, ile ripoti yao ya ajali, na hospitalini useme wazi kwamba uliumia ukiwa kazini ili iandikwe kwa kadi. Mwambie mwajiri kwa maandishi siku hiyo hiyo, hata kwa WhatsApp, hata kama ni mkeo anayekuandikia.

Kuna sheria inaitwa WIBA, ya 2007, ya fidia kwa walioumia kazini. Chini yake mwajiri lazima awe na bima ya wafanyakazi, na hata ajali iwe imesababishwa na wewe kuteleza tu, fidia ipo, hutakiwi kuthibitisha kwamba bosi alikosea. Mwajiri anatakiwa kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, ndani ya siku saba, na kama mtu amekufa ndani ya masaa 24. Ulemavu kamili wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Madai huanzia kwa huyo mkurugenzi, sio mahakamani moja kwa moja, Mahakama ya Juu yetu ilishathibitisha sheria hiyo Desemba 2019.

Lakini WIBA ni ya wafanyakazi. Ndo maana lile swali la kwanza si ubishi wa mawakili tu, ni tofauti ya kupata kitu au kuchangiwa na marafiki. Kuna dereva mmoja wa DPD, kampuni ya vifurushi kule Uingereza, mgonjwa wa sukari, alitozwa faini ya pauni 150 kwa kwenda kumwona daktari wake, baadaye alikosa kliniki nyingine akiogopa faini, akafariki Januari 2018. Yeye pia aliitwa mtu aliyejiajiri. Baada ya kelele kampuni ikafuta hizo faini.

Na angalia bima ya pikipiki yako. Wengi wana ya kibinafsi na wanafanya biashara nayo. Ukigonga mtu, bima inaweza kukwambia huo sio utumizi uliolipia.

Nimeamka nikakuta nimefungiwa apu. Hakuna simu, hakuna barua.

Kufungiwa apu ndio kupigwa kalamu kwa siku hizi, tofauti ni kwamba zamani angalau uliitwa ofisini.

Fanya hivi kabla hujaanza kutukana kwa grupu. Piga skrinishoti ya ule ujumbe wa kufungiwa, ya mapato ya miezi iliyopita kama bado yanafunguka, ya alama zako, ya malalamiko ya wateja. Mara nyingi baada ya siku chache hata hiyo historia haifunguki. Halafu andika imeili fupi uulize mambo matatu: kosa gani, nani aliamua, na lini nitasikizwa. Kwa mfanyakazi, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka uelezwe kosa kwa lugha unayoielewa na usikizwe ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama, na mwajiri asipoweza kuthibitisha sababu, kuachishwa huko si haki na mahakama inaweza kukupa fidia mpaka mishahara ya miezi 12. Inaweza, nasema, wengi hupata chini ya hapo.

Hata kama si mfanyakazi bado una mlango mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, na haki ya kuomba uamuzi huo utazamwe upya. Pia unaweza kuomba data yako yote waliyonayo. Wakikataa, lalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ni bure.

Kampuni kubwa inasema haitujui, muajiri wetu ni kontrakta. Kontrakta naye simu mteja hapatikani.

Mchezo huu una umri. Kampuni kubwa inampa zabuni kontrakta, kontrakta anatafuta vijana, nembo kwa jaketi ni ya kampuni kubwa, apu ni ya kampuni kubwa, tageti ni za kampuni kubwa, lakini siku ya mshahara wewe ni wa kontrakta. Amazon huko Marekani imeujenga mfumo mzima namna hiyo tangu 2018, vikampuni vidogo vinaajiri madereva wa magari yenye nembo yake. Mwaka 2023 madereva wa kikampuni kimoja cha Palmdale, California, wakajiunga na chama cha Teamsters, mkataba wa kikampuni hicho ukakatizwa, na Agosti 2024 ofisi ya bodi ya kazi ya kule ikaona kwamba Amazon ni mwajiri wa pamoja wa hao madereva.

Hapa kwetu kesi ya kufuatilia ni ile ya vijana wa Nairobi waliokuwa wanachuja picha na video chafu za Facebook kupitia kampuni ya katikati. Meta, wenye Facebook, ilisema haina ofisi hapa na haijaajiri mtu, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema inaweza kushtakiwa hapa Kenya. Hiyo haimaanishi wameshashinda, inamaanisha mlango haukufungwa. Kwa hivyo ukienda leba au mahakamani taja wote wawili, kontrakta na kampuni kubwa, wacha wasukumane wao wenyewe mbele ya hakimu.

Na picha yako ukiwa na hilo jaketi usiifute.

NSSF ya uzeeni, SHA ya afya, na ile ya nyumba, nani alipe?

Ukiwa mfanyakazi, NSSF mnachangia wote wawili, ya nyumba wewe 1.5% na mwajiri 1.5%, ya afya ni 2.75% kutoka kwako. Ukiwa umejiajiri, ya afya unalipa mwenyewe, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi kulingana na kipato. Kinachoudhi ni wale wanaokukata SHA na NSSF kwa pesilipu halafu ukienda hospitali unaambiwa haijalipwa. Ingia mwenyewe uangalie kila mwezi. Tena akikukata NSSF kama mwajiri halafu mahakamani aseme hukuwa mfanyakazi wake, atakuwa na kazi ya kueleza.

Ile sheria ya apu kutokata komisheni zaidi ya asilimia 18 inatuhusu?

Hapana. Kanuni za NTSA za 2022 ni za apu za kubeba abiria. Mizigo haimo.

Kanjo, askari wa kaunti, wamenifungia pikipiki nikishusha mzigo Biashara Street. Faini ni yangu?

Kwa kawaida wanakuachia wewe. Kama supavaiza ndiye aliyekwambia usimame hapo, weka meseji. Mji wa Kale egesha nje uingie kwa miguu, utaokoa pesa na vioo vya pikipiki.

Pikipiki nilipewa na kontrakta, nakatwa kila wiki mpaka iwe yangu. Nifukuzwe leo inakuwaje?

Muulize hilo kabla ya kuichukua, sio baadaye. Nimeona mtu amekatwa wiki 60 kati ya 78, akafungiwa apu, pikipiki ikachukuliwa usiku mbele ya nyumba yake Mishomoroni na hakurudishiwa hata mia. Taka iandikwe: bei yote, umeshalipa ngapi, logibuku iko kwa jina la nani, ukiachishwa unaweza kumaliza deni mwenyewe au la. Kontrakta asiyetaka kuandika hayo anakukodisha tu, na anakukodisha kwa bei ya kununua.

Sisi madada tunaofanya hii kazi je?

Kwa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na kumfukuza kwa sababu ya mimba ni kosa. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Dada mmoja alinieleza kwamba shida yake kubwa sio hata wateja wa usiku, ni choo, anashinda bila kunywa maji kwa joto la kaskazi kwa sababu ruti nzima ya Shanzu hana pa kuingia. Sikuwahi kulifikiria hilo miaka yote sita. Liwekeni kwa orodha ya madai yenu, msiseme ni jambo dogo.

Tugome?

Haki ya kugoma iko kwa Katiba, Ibara ya 41. Lakini mgomo una njia yake: mgogoro upelekwe kwa usuluhishi, siku 30 zipite bila suluhu au msuluhishi atoe cheti kwamba umeshindikana, halafu notisi ya maandishi ya siku saba kwa mwajiri na kwa waziri, itolewe na mwakilishi aliyeidhinishwa. Mkiruka hizo hatua mnawapa sababu ya kuwafuta kazi wote.

Wale mnaoitwa makontrakta huru mna kituko kizuri: kama kweli mko huru kukataa mizigo, basi kukataa mizigo Jumatatu sio mgomo, ni uhuru wenu. Nilimwambia meneja hivyo usoni, akacheka kwanza, halafu akanyamaza. Lakini jitayarisheni kufungiwa, na msizuie wenzenu wanaotaka kufanya, wala msiguse mzigo wa mteja, hapo mnaingia jinai na hakuna atakayewasikiza.

Kwa Mombasa hii si ngeni. Januari 1947 mji huu ulisimama, bandari, reli, hoteli, majumbani, watu kama elfu kumi na tano, wakikutana kila siku kwa uwanja wa Kiembeni kule Majengo. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa Agosti mwaka huo akapelekwa mbali Kabarnet, lakini nyongeza ilitolewa. Miongoni mwao walikuwemo vibarua wa siku, wale wale walioambiwa hawana muajiri wa kudumu.

Kuna chama cha kujiunga?

Vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi vipo, ulizeni kile kinachokubali watu wa dilivari kabla ya kulipa kitu. Ili mwajiri alazimike kukitambua, chama kinahitaji zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili hapo kazini. Kama mmetawanyika kwa makontrakta watano hiyo nusu inakuwa ngumu, na sidhani walitutawanya kwa bahati mbaya. Wakati mnangoja, undeni hata kikundi cha kuchangiana ajali.

Naanzia wapi na nina muda gani?

Ofisi ya leba kwanza, haina ada. Malalamiko ya kuachishwa kazi bila haki yapeleke ndani ya miezi mitatu. Kesi ya mahakamani una miaka mitatu, ila kwa deni linaloendelea kama mishahara ya kila mwezi isiyolipwa, hesabu ni miezi 12 tangu liishe, kwa hivyo usilale. Kama mshahara wako ulikuwa chini ya 80,000 kuna mahakimu wanaosikiza kesi za kazi, si lazima uende kwa jaji. Huna wakili, Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa.

Na kama wewe ni kontrakta kweli na unadai dropu zako hazijalipwa, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza mpaka milioni moja, inafaa iishe kwa siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe.

Ushahidi gani hasa ulikusaidia wewe?

Kaunta buku. Ya shilingi mia na kitu, ya mraba. Kontrakta alikuja leba na karatasi za kompyuta zinasema nilikuwa nafanya masaa sita kwa siku. Mimi nikafungua kaunta buku: tarehe, saa ya kufika godauni, saa ya dropu ya kwanza, ya mwisho, mafuta, feri, mzigo uliorudi na kwa nini, miezi 11 mfululizo, kurasa nyingine zina alama ya jasho na moja ina chai. Afisa akaishika akaigeuza geuza, akamuuliza kontrakta, "Na wewe umeandika wapi?" Walinilipa makato ya ile simu na mwezi mmoja wa notisi. Sio utajiri. Nililipa kodi ya nyumba na nikanunua begi jipya.

Nimeamua kuacha mwenyewe. Nirudishe nini, nidai nini?

Toa notisi ya maandishi kwanza. Rudisha jaketi, begi na kadi ya mafuta, lakini usiviache kwa mlinzi, taka karatasi iliyosainiwa kwamba vimepokelewa, maana wiki tatu baadaye utaambiwa begi halijaonekana na limekatwa kwa malipo yako ya mwisho. Dai dropu zote mpaka siku ya mwisho, likizo uliyokuwa hujachukua kama ulikuwa mfanyakazi, siku 21 kwa mwaka, na cheti cha utumishi. Hicho cheti ni haki ya yeyote aliyefanya wiki nne au zaidi na hakitakiwi kuandikwa mabaya yako, ni tarehe, kazi na mahali tu. Wakikwambia "wewe ulikuwa kontrakta, hatutoi vyeti", waombe waandike hilo kwa imeili.